Aliyempa Figo Ndiye Anayemletea Unga

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41 na ninaishi Dar es Salaam. Nimeisoma safu yako kwa miaka mingi bila kuwaza kwamba siku moja nami ningekaa chini kukuandikia, lakini jambo hili limenikosesha usingizi tangu mwezi uliopita, na watu wote ambao kwa kawaida ningewaeleza wamo ndani yake.

Mume wangu alipandikizwa figo mwaka 2019, baada ya shinikizo la damu kumharibia zake zote mbili na kumfanya asafishwe damu mara tatu kwa wiki kwa zaidi ya mwaka mzima. Aliyempa figo ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 31 na alikuwa hajaoa. Sitaisahau siku ile aliporudishwa wodini: alipofumbua macho, kabla hajaomba maji wala kuuliza habari zake mwenyewe, aliuliza kama kaka amekojoa. Kaka alikuwa amekojoa, nasi tulilia wote, hata muuguzi.

Tangu hapo mume wangu anameza dawa zake saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na mimi ndiye ninayezipanga kila Jumapili kwenye kile kiboksi chenye vyumba vya siku saba. Tulifundishwa kwamba dawa hizi ni za kuzuia mwili usiikatae figo, na kwamba hataziacha maisha yake yote.

Shemeji yangu ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Huenda Guangzhou mara tatu au nne kwa mwaka kufuata mapazia na taa. Miaka miwili iliyopita aliugua akiwa huko, na mama mmoja wa Kichina anayemuuzia bidhaa akamchemshia supu ya kuku iliyotiwa vipande vya mzizi unaoitwa huangqi. Alipona, na kuanzia siku hiyo mzizi huo ukawa mazungumzo yake. Mwanzoni alituletea vipande vyenyewe, vyembamba kama vijiti vya kupimia koo, rangi ya manjano katikati, vikinukia kama maharage mabichi. Tulivitia kwenye supu mara moja moja, na sikuona ubaya.

Mwaka huu alikuja na maboksi. Ndani yake mna vipakiti vidogo vya unga mweupe unaoelekea manjano, naye alitueleza kwamba huu si mzizi tena bali ni polisakaridi zake zilizokamuliwa, yaani nguvu yenyewe bila makapi, na kwamba kazi yake ni kuongeza kinga ya mwili na kulinda figo. Nilipomwonyesha wasiwasi alicheka kwa upole akaniambia, "Shemeji, hata dawa mseto ya malaria tumeipata kwa Wachina." Maandishi yote ya kwenye boksi ni ya Kichina, isipokuwa namba na hilo neno Huangqi.

Mume wangu hunywa kipakiti kimoja kila usiku kwa maji ya uvuguvugu. Nilipomuuliza kama amemweleza daktari, alinijibu kwa sentensi ambayo naisikia hadi leo: "Huyu kanipa figo. Nimkatalie chai?"

Kliniki iliyopita tulikwenda pamoja. Daktari aliangalia majibu ya damu, akasema kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya zile dawa zake za kila siku, kimepanda kuliko kawaida yake ingawa dozi haijabadilishwa, akamuuliza mume wangu kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia, hata ya kienyeji. Mume wangu akasema hakuna. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkoba mapajani, nikawa nafungua na kufunga zipu. Daktari akapunguza dozi na kutupangia tarehe ya baada ya wiki tano.

Kuna lingine ambalo naona aibu kulisema. Shemeji alinipa vipakiti vya kuuza kwa wenzangu wa kikoba, shilingi 3,000 kimoja, na faida tunagawana. Ada ya muhula huu ya mtoto wa pili imetoka humo. Wateja wangu ni pamoja na mama mmoja mwenye baridi yabisi ya muda mrefu, na jirani ambaye binti yake anatibiwa saratani na anaishiwa nguvu. Wote wawili wanasema wanaona nafuu.

Limebaki boksi moja la vipakiti 20 la mume wangu, na shemeji hatarudi hadi baada ya kliniki. Nimewaza kumpigia daktari kwa siri. Nimewaza pia kuvifungua vipakiti usiku, kumwaga unga ule na kujaza wanga wa mahindi, ili mume wangu aendelee kunywa na moyo wake utulie. Mama mkwe akisikia kwamba nimekataa dawa iliyoletwa na mwanawe aliyetoa kiungo cha mwili wake, sijui nitauweka wapi uso wangu. Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Umeandika kama mtu anayejishtaki, na huku ndiwe uliyezipanga dawa hizo kila Jumapili tangu 2019. Kabla sijaingia kwenye unga wenyewe, nataka kukurudishia barua yako kama nilivyoielewa, ili unisahihishe nikikosea. Mume wako anakunywa kitu ambacho huenda kinagusana na dawa zinazoilinda figo yake. Hawezi kukikataa, kwa sababu aliyekileta alimpa kitu kikubwa kuliko hicho. Wewe huwezi kusema, kwa sababu ukisema utaonekana unaipima zawadi ya pili ilhali ya kwanza uliipokea kwa machozi, na zaidi ya hapo mkono wako nao umeshika fedha. Hayo ni mafundo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja, na nadhani ndiyo sababu kila ukivuta moja jingine linakaza.

Unaandika kana kwamba umewekwa kati ya shemeji na daktari, na lazima mmoja wao awe mwongo. Mimi sioni hivyo. Nimesimama nyuma ya dirisha la dawa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nakuambia shemeji yako hakudanganywa kuhusu mzizi ule. Huangqi ni mzizi wa mmea wa jamii ya kunde, ndiyo maana uliusikia ukinukia maharage, na unalimwa maeneo ya kaskazini mwa China kama Gansu, Shanxi na Mongolia ya Ndani. Umeandikwa katika kitabu cha kale kabisa cha miti shamba cha Wachina, tena katika daraja la juu, lile la dawa zilizohesabiwa kuwa zinaweza kutumika muda mrefu. Matabibu wa huko huutoa kwa kipimo, kwa kawaida gramu 9 hadi 30 za mzizi mkavu kwa siku, na karibu kila mara hauendi peke yake. Mama yule wa Guangzhou aliyemchemshia supu alifanya alichokifanya bibi yake, na mwaka 2023 serikali ya China iliuingiza mzizi huu katika orodha ya vitu vinavyohesabiwa kuwa dawa na chakula kwa pamoja. Hata hilo la figo halikuzuka hewani, kwa kuwa madaktari wa China wameutumia na kuuchunguza kwa wagonjwa wa figo, hasa wale ambao protini inawavuja kwenye mkojo. Shemeji amesikia jambo la kweli. Ila wagonjwa hao wana figo walizozaliwa nazo.

Sasa hilo neno polisakaridi, ambalo naona limewatisha wote nyumbani kwa uzito wake. Ni sukari nyingi zilizoungana mnyororo mmoja baada ya mwingine, kama shanga uzini. Wanga wa ugali wenu wa jana usiku ni polisakaridi. Utelezi wa bamia ni polisakaridi, na kile kinachofanya mwani wa Zanzibar ununuliwe na viwanda vya ng'ambo ni polisakaridi pia. (Kwa hiyo, mwanangu, ule wanga wa mahindi uliotaka kumjazia mume wako nao ungekuwa polisakaridi, na kwa jina hilo tu ungekuwa hujamdanganya!) Tofauti iko katika aina ya shanga, namna zilivyofungamana na urefu wa uzi. Za huangqi hupatikana kwa kuuchemsha mzizi, kisha kumiminia spiriti kwenye maji yake hadi minyororo ile mirefu ishuke chini kama mashapo, ikaushwe na kusagwa. Tumbo letu haliwezi kuikata sehemu kubwa ya minyororo hiyo kama linavyoukata wanga. Hufika utumbo mpana ikiwa bado imeungana, na huko vijidudu vya tumboni huichachusha. Baadhi yake hukutana na seli za kinga zilizo kwenye ukuta wa utumbo, na hapo ndipo sifa ya kuongeza kinga inapoanzia. Maabara nyingi zimeziona seli za kinga zikichangamka zinapowekewa polisakaridi hizi kwenye kisahani, na panya wamechangamka vilevile. Kutoka kwenye kisahani hadi kwa mwanamume wa Dar es Salaam anayekunywa kipakiti usiku ni safari ndefu, na mimi si mwepesi wa kuifupisha, si kwa kusifu wala kwa kuogofya.

Lakini tuchukue kwamba unga unafanya kazi kama shemeji anavyosema. Hapo ndipo ninapokuomba ukae kidogo, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kuwauliza swali hili mkiwa wote mezani: kinga ya nani, dhidi ya nini? Kinga ya mwili ndiyo inayotambua kilicho chake na kisicho chake. Figo ya mdogo mtu, hata wawe wametoka tumbo moja, mwilini mwa kaka ni mgeni, na kinga ikiamka sawasawa itamfukuza. Vidonge vya saa mbili na saa mbili vimewekwa ili kinga isinzie kiasi: isilale kabisa hata maradhi yakaingia, na isiamke kabisa hata ikamwona mgeni. Kwa mtu mwingine yeyote wa nyumba yenu "kuongeza kinga" ni sifa njema. Kwa mume wako ndilo jambo ambalo daktari amelizuia kila siku tangu 2019. Vitabu vya dawa huwaonya wanaotumia dawa za kushusha kinga wasichanganye na huangqi bila kumshirikisha daktari, na sababu yenyewe ndiyo hii.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu kiwango kile kilichopanda. Takrolimasi ni dawa yenye njia nyembamba: ikizidi inaiunguza figo yenyewe, ikipungua figo inakataliwa, ndiyo maana wanampima damu kabla hajameza kidonge cha asubuhi. Vitu vingi huisukuma, hata tunda la balungi, hata kuharisha siku chache. Kwa hiyo sitakuambia kwamba unga ndio ulioipandisha, kwa kuwa inawezekana hauhusiki hata kidogo. Ninachojua ni kwamba Wachina wana tunda dogo la dawa liitwalo wuweizi ambalo huipandisha takrolimasi waziwazi, kiasi kwamba madaktari wa upandikizaji wa huko huwapa baadhi ya wagonjwa wao vidonge vyake makusudi ili dozi ya takrolimasi ipungue na gharama ishuke. Wanafanya hivyo wakipima damu na kuandika. Je, ndani ya kipakiti chenu mna huangqi peke yake? Boksi limeandikwa, ila hakuna aliyelisoma.

Jina la mbele ya boksi halitoshi, na hapa nitakusimulia jambo lililotokea Brussels, Ubelgiji, si China. Mapema miaka ya 1990 wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja ya mji huo walianza kupata ugonjwa wa figo, na waliodhurika walipita 100. Dawa yao ya mchanganyiko wa miti shamba ilipaswa kuwa na mzizi uitwao fangji. Walichopewa ni guang fangji, mmea mwingine kabisa, wenye asidi inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Majina yalitofautiana kwa neno moja. Sikusimulii ili uone sumu kwenye kila kipakiti, maana huangqi haina asidi hiyo. Nakusimulia kwa sababu waliomeza unga ule nao waliamini wanajua wanachomeza.

Na dawa mseto? Shemeji yuko sahihi, na ukimjibu anza kwa kumwambia hivyo. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi aliyoifanya juu ya mmea wa kale wa Wachina. Lakini mtazame alivyoenda. Mwaka 1971 aligundua kwamba joto lilikuwa likiiharibu dawa, akaikamua kwa itha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, badala ya kuichemsha kwa maji, akaijaribu kwa panya na nyani, mwaka 1972 yeye na wenzake wakaimeza wenyewe, ndipo wakaipeleka kwa wagonjwa wa malaria katika kisiwa cha Hainan. Leo kidonge cha mseto kina miligramu 20 za atimetha, inayotengenezwa kutokana na dawa ile, na kila kidonge kina hizo hizo. Shemeji akiweza kukwambia kipakiti chake kina miligramu ngapi za nini, mazungumzo yenu yatakuwa yamesogea mbali sana.

Sasa nije kwenye lile wazo la usiku, la kumwaga na kujaza wanga. Naielewa huruma iliyomo ndani yake. Lakini fuatilia hesabu pamoja nami. Tuseme, kwa kudhani tu, kwamba kuna kitu kwenye unga kilichopandisha takrolimasi. Daktari ameona imepanda, amepunguza dozi. Ukiuondoa unga kimyakimya usiku wa leo, dozi imeshuka na kilichokuwa kikiisukuma juu hakipo tena, na kiwango kinaweza kuporomoka bila mtu kujua mpaka figo ianze kukataliwa. Na si lazima umwage wewe. Umesema vimebaki vipakiti 20 na kliniki ni baada ya wiki tano, yaani siku 35. Hata usipofanya lolote, kuna nusu mwezi ambayo mume wako atakuwa na dozi pungufu na hana unga. Hii ndiyo sehemu ya barua yako iliyonifanya nikuandikie mapema kuliko zamu yako. Suala la anywe au asinywe ni la kwenu na la daktari wenu, lakini kuanza na kuacha bila wao kujua ndiko ninakokuogopa zaidi. Na kama katika siku hizi ataona mkojo unapungua, miguu inavimba, homa, au maumivu pale chini ya tumbo ilipowekwa figo, msingoje tarehe ya kliniki.

Kumpigia daktari kwa siri kunawezekana, na wapo wake waliofanya hivyo wakalala usingizi. Faida yake ni haraka. Hasara yake unaijua kuliko mimi: wanaojua kwamba anakunywa unga ni watatu, na mume wako hatahitaji kupiga ramli. Huenda atakushukuru baadaye, au huenda kuanzia siku hiyo atavificha vipakiti hata kwako, na aliyekuwa akipanga dawa zake akawa ndiye anayepangiwa cha kujua. Njia nyingine ni kumtangulia yeye kabla ya daktari, na kumwachia nafasi ya kusema kwa kinywa chake. Ukichagua hii, nakuomba usianzie kwa mdogo wake wala kwa Wachina. Anzia kwenye zipu. Mwambie, "Baba Fulani, siku ile daktari alipouliza, nilikuwa nafungua na kufunga mkoba wangu, na sijatulia tangu siku hiyo." Hapo hujamshtaki mtu, umejisema mwenyewe. Halafu mwonyeshe ile hesabu ya siku 35. Wanaume wengi ninaowafahamu hubisha maneno lakini hesabu huiangalia mara mbili. Kisha pigeni simu kliniki pamoja, ninyi wawili, kabla vipakiti havijaisha. Na iwapo atakataa katakata, utabaki na ile njia ya kwanza, na hapo itakubidi upime kipi unaweza kukibeba: hasira yake, au kimya chako. Mimi siwezi kukupimia hilo nikiwa huku.

Ile sentensi yake, "Huyu kanipa figo, nimkatalie chai?", nimeikariri jikoni kwangu siku nzima. Ni sentensi ya mtu mwungwana. Lakini je, mmewahi kumtazama shemeji kama mtu mwenye hofu? Aliuliza kama kaka amekojoa kabla hajaomba maji. Mtu wa namna hiyo hajaacha kuuliza swali lile, na kila boksi analolileta huenda ni namna yake ya kuliuliza tena: figo yangu iko salama huko? Hakuna aliyemweleza kwamba vidonge vya kaka yake ndivyo vinavyomficha mgeni wake asionekane. Akilijua hilo, sidhani kwamba atahisi amekataliwa. Anaweza hata kuwa msaada wenu mkubwa, maana yeye ndiye mwenye mwenyeji Guangzhou anayeweza kumsomea neno kwa neno viungo vilivyoandikwa kwenye boksi, akawatumia kwa simu leo hii. Atakayemweleza lakini awe kaka yake. Maneno hayo hayo yakitoka kinywani mwako yatafika kwa mama mkwe yakiwa yamebadilika sura, na hilo nadhani ulishalijua kabla hujaniandikia.

Kuhusu biashara, nitasema kwa ufupi kwa sababu naona umekwisha kujisema vya kutosha. Ada imelipwa, mtoto yuko darasani, na hukuuza ukijua. Ila kuanzia sasa unajua kiasi fulani. Baridi yabisi ya aina fulani ni kinga ya mwili inayokipiga kiungo chake yenyewe, na baadhi ya dawa zake ni za kushusha kinga, kama za mume wako. Yule binti mwenye saratani amenigusa zaidi. Ni kweli kwamba polisakaridi za huangqi zina nafasi kwenye uchovu wa saratani, na Taiwan iliidhinisha dawa yake mwaka 2010. Lakini hiyo ni sindano iliyosafishwa, inayoingizwa kwenye mshipa hospitalini, na mtu hawezi kuirukia kutoka kwenye kipakiti kwa sababu tu neno lililoandikwa ni lile lile. Wote wawili wanaweza kuambiwa jambo moja dogo: wakionyeshe kipakiti kwa anayewatibu. Pengine utapoteza wateja wawili, pengine usipoteze. Na kwa kuwa unauza, fahamu kwamba Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ndilo linalosajili dawa za namna hii hapa nchini. Muulize shemeji kama maboksi yake yamepita huko kabla hajakuletea mengine.

Ile supu ya kuku mliyokuwa mkiipika mwanzoni mtajeni nayo daktari, msiiache kwa kudhani ni chakula tu. Na siku mtakapokwenda, beba boksi zima, usibebe kipakiti kimoja mkobani, maana kwa kawaida orodha ya viungo huandikwa ubavuni mwa boksi, na ndiyo wanayoihitaji.

Shangazi